Ami ana miaka 71 na anataka kurusha ndege tena. Umri unamkataza?

BintiMalindi:
Assalamu alaikum wanajukwaa. Naandika kwa ajili ya ami yangu, mdogo wa marehemu baba, ambaye ndiye aliyenilea hapa Malindi. Aliingia jeshi la anga mwaka 1974. Alianza kujifunza kwa Bulldog, ile ndege ndogo ambayo mwalimu na mwanafunzi huketi ubavu kwa ubavu. Buffalo zilipoletwa kutoka Kanada akahamia huko, hakutoka mpaka anastaafu akiwa meja. Yeye huiita Nyati. Akianza kueleza ilivyokuwa ikitua na magunia ya mahindi kwenye viwanja vya vumbi huko kaskazini, chai inapoa.

Kila siku baada ya alasiri hupanda darini, maana ndege zinazokuja kutua hupita karibu na kwetu. Hata hainui kichwa: "Hiyo Caravan, injini moja. Kachelewa kupunguza moto." Kwenye mwembe amefunga mkono wa kanzu kuukuu, ndiyo soksi yake ya upepo. Kusi likikaza hunyoosha kiganja akakiinamisha upande wa bahari. Anasema upepo wa ubavuni huinamishiwa bawa, huku mguu wa upande wa pili ukikanyaga pedali ili pua ibaki kwenye mstari. Na mguu wake wa kulia hukanyaga kweli, kandambili inasugua sakafu.

Mwezi uliopita aliniambia, kwa sauti ya mtu anayeomba ruhusa, kwamba angependa kushika usukani tena. Nikapigia simu chuo kimoja. Nilijibiwa mzee wa umri huo akae na wajukuu. Sijamwambia, na neno hilo bado linaniuma. Ana presha, anameza kidonge kimoja kila asubuhi. Sheria inasemaje?

MwalimuWaAnga:
Wa alaikum salaam dada. Uliyeongea naye amekupotosha. Miaka 65 ni kikomo cha wanaobeba abiria kibiashara kwenye ndege ya marubani wawili, na 60 kwa anayewabeba akiwa rubani pekee. Leseni ya binafsi haina umri wa juu, ina wa chini tu: miaka 17. Kinachoamua ni afya. Atahitaji cheti cha daraja la pili kutoka kwa daktari aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga (KCAA). Atapimwa macho, masikio, moyo na presha, na kwa umri wake atarudi kupimwa mara nyingi kuliko kijana.

Kidonge asikifiche. Aende na pakiti yenyewe. Presha iliyotulia kwa dawa haimfungii mtu mlango moja kwa moja, inategemea ni dawa gani.

Na hata kabla ya cheti, anaweza kuruka na mwalimu. Ndege ya mafunzo ina usukani pande zote mbili, na kisheria mwalimu ndiye rubani mkuu. Ami atashika, atapaa, atageuza. Anzeni hapo, msisubiri karatasi.

FundiWaEastleigh:
Mwanangu, nimesoma nikasimama kidogo. Nilikuwa fundi wa injini za Buffalo. Ndege ile ina mkia wa juu kama herufi T na mlango wa nyuma unaoshuka kama daraja. Watu husifu ilivyopaa kwenye uwanja mfupi. Mimi namsifu rubani aliyeirudisha bila kuniumizia breki.

Nakuomba jambo moja: yale madaftari yake ya safari yako wapi? Kila safari imeandikwa humo: tarehe, namba ya ndege, saa za mchana na za usiku. Chumvi ya pwani inakula karatasi. Yangu niliyaacha kwenye sanduku la bati, nikakuta kurasa zimegandana kama chapati. Yatoe, yapige picha ukurasa kwa ukurasa, kisha uyaweke juu, mahali penye hewa. Hata huyo mwalimu atataka kuyaona. Mpe ami wako salamu za fundi.

NahodhaWaManda:
Mimi ni mtu wa Amu (Lamu), navusha abiria kwa mashua kutoka uwanja wa Manda. Marubani wazee mimi huwajua kabla hawajasema. Akikanyaga gati tu hutazama juu, halafu maji, halafu bendera ya chombo changu. Nahodha naye ndivyo afanyavyo. Mlete ami wako kaskazi likiingia, mwezi wa kumi na mbili, bahari imelala na mbingu safi. Nauli yake ni juu yangu.

BintiMalindi:
Mungu awabariki nyote. Nilimsomea majibu darini jana. Kwenye lile la mwalimu akaniambia, "Rudia hapo pa usukani pande mbili." Nikarudia. La fundi alilisoma mwenyewe, kisha akashuka bila kusema kitu, akarudi na madaftari manne yamefungwa kwa kamba ya viatu. Moja tayari lina ukungu kwenye jalada. Leo tumeshapiga picha mpaka mwaka 1981.

Swali limebaki moja: daktari huyo aliyeidhinishwa yupo Mombasa, au lazima tupande Nairobi?