Vifaranga hawa mbegu gani?

*Kikundi: Majirani Limbani, Wete*

Mama Zuhura: Assalaam alaykum majirani. Koo wangu mweusi kashuka na vifaranga leo asubuhi, siku ya 21 kama alivyoandikiwa. Tizameni picha. Kila mmoja na lake! Weusi wapo, wa njano wapo, wenye mistari mgongoni, na mmoja shingo tupu. Ni mbegu gani hawa?

Bi Mize: Waalaykum salaam. Mashaallah, mashaallah. Huyo shingo tupu mwana wa jimbi wangu kishingo, hapana la kuuliza.

Hamadi: Mama Zuhura, yule wa miguu mirefu pembeni ni kuchi, ile mbegu ya kuku warefu. Niwekee mie, nakupa bei ya kuchi.

Ami Seif: Taratibu Hamadi mwanangu. Mama Zuhura, mayai yote ya koo huyo mmoja?

Mama Zuhura: La, Ami. Mengine ya yule tetea wa mistari myeusi na myeupe. Nimemtilia huyu alalie yote.

Ami Seif: Na jimbi?

Mama Zuhura: Wangu mweusi mtupu. Ila wa Bi Mize anashinda uani kwangu, na kuchi wa Maalim naye hapiti siku hajaja.

Maalim Othman: Kweli, namfungia anatoka.

Ami Seif: Basi jina moja la mbegu hamtolipata. Kuku akishapandwa, mbegu za jogoo hukaa ndani yake wiki mbili na zaidi. Mayai ya tetea mmoja yanaweza kuwa na baba watatu. Tizameni viungo, kimoja kimoja, kisha mseme nani kapita hapo.

Ami Seif: Tuanze na kishingo. Mama Zuhura, mshike umtizame mbele ya shingo, chini karibu na kifua. Pana kijifungu cha malaika, yale manyoya laini ya kifaranga, au pako wazi kabisa?

Mama Zuhura: Kipo, kidogo.

Ami Seif: Hicho kinasema kapata shingo tupu kwa mzazi mmoja tu. Angepata kwa wote wawili, shingo ingekuwa karibu wazi yote. Bi Mize, ni wako kwa baba, na mama yake wa kawaida.

Bi Mize: Alhamdulillahi. Nilijua tu.

Zuhura: Ami, na wale weusi? Wawili wana doa jeupe utosini, wengine hawana.

Ami Seif: Ahsante mwanangu, hapo ndipo penye faida kubwa. Mtaani kuna jimbi wa mistari kama yule tetea?

Bi Mize: Hakuna hata mmoja.

Ami Seif: Basi wenye doa ni watoto wa tetea wa mistari, na ni madume. Tetea wa mistari akipandwa na jimbi asiye na mistari, mistari yake huwapa wanawe wa kiume tu. Doa la utosini ndiyo dalili ya siku ya kwanza, mistari yenyewe hutoka na manyoya. Mweusi asiye na doa anaweza kuwa jike wa tetea huyo au mtoto wa koo mweusi, jike au dume. Kwa hao msikate shauri sasa.

Mama Zuhura: Subhanallah! Kumbe ningewauza wote kwa matetea.

Ami Seif: Rangi ya malaika isiwababaishe. Hiyo mistari ya mgongoni ni rangi ya kuku wa mwituni wa Asia, walikotoka kuku wote, na haina mbegu maalumu. Wa njano wengi huishia kuwa weupe au wekundu wekundu.

Hamadi: Ami, mie nauliza kuchi wangu. Upanga wake wa kichwani nimeuona kwenye picha, umelala.

Ami Seif: Nimeuona. Mfupi, una vijisafu vitatu. Umetoka kwa kuchi, hilo nakubali. Lakini upanga wa namna hiyo huushinda uliosimama, kwa hivyo chotara naye huwa nao. Mama Zuhura, mama zake wana upanga gani?

Mama Zuhura: Wote wawili umesimama.

Ami Seif: Basi kuchi kamili hawezi kuwa. Nusu. Ukimpandisha na tetea wa upanga uliosimama, karibu nusu ya watoto watatoka na upanga uliosimama, na wewe utawauzia watu kwa jina la kuchi.

Maalim Othman: Hamadi, watu wanakuja kwangu kutaka kuchi wa kuanzia mbegu. Akiuziwa chotara kwa jina hilo, kadhulumiwa. Mwite chotara wa kuchi, na bei yake iwe hiyo.

Hamadi: Sawa Maalim. Nikimpandisha na tetea wangu kuchi je?

Ami Seif: Watoto watakuwa robo tatu. Kuku wazuri hao, lakini bado useme ukweli wake.

Ami Seif: Na kabla ya yote, Mama Zuhura, chanjo ya kideri, ule ugonjwa unaoua kuku. Tone moja jichoni, na irejewe kila miezi mitatu. Mfungeni kila mmoja uzi wa rangi mguuni muwajue, ila kila siku chache mlegeze, mguu unanenepa.

Mama Zuhura: Zuhura keshatoa nyuzi. Hamadi, wako uzi wa kijani, njoo baada ya laasiri na pesa ya chotara. Bi Mize, kishingo hauzwi, njoo umtizame tu.

Bi Mize: Naja sasa hivi, nina chenga za mchele.