Mliokaa chumba kimoja na Myahudi chuoni, au mwenyewe ni Myahudi: tupeane uzoefu

Mtoto wa Kisauni: Wakuu, jana nimepita University Way, Nairobi, pale kwenye sinagogi linalotazamana na chuo, nikakumbuka mbali. Mwaka wangu wa kwanza New Jersey nilipangwa na Myahudi wa wale washika dini hasa. Ijumaa jua likizama hagusi swichi mpaka Jumamosi usiku. Sasa mimi nimelelewa na mama wa "umeme una bei", nikitoka chooni nazima taa. Kumbe aliiacha makusudi iwake Sabato nzima! Na haruhusiwi kuniambia waziwazi niiwashe. Akaja akasimama mlangoni, akasema, "Duh, choo hiki leo kina giza." Nikamjibu, "Kweli kabisa." Nikalala.

Bibie wa Tanga: 😂😂 Hiyo lugha ya mama mkwe. "Nyumba hii ina vumbi jamani." Ukikaa kimya umekwisha.

Chapo Nne: Afadhali wewe. Boston, jiko moja, wanafunzi sita, wawili kati yao wasichana wa Kiyahudi. Nyama na maziwa vyombo mbalimbali, hilo nililizoea. Sikujua Pasaka yao. Wiki nzima wanasugua oveni, wanafunika meza ya jiko kwa karatasi za kung'aa. Usiku wa mwisho wakazunguka na mshumaa, unyoya na kijiko cha mti, wanatafuta makombo ya mkate. Nikajisemea huu ni uganga, nikaenda zangu kazini.

Nimerudi kesho yake saa tisa alasiri, nimetoka zamu mbili, njaa inanitoa roho. Sikufikiri. Kilo mbili za ngano, nikakanda, nikasukuma chapati juu ya meza ileile. Unga mpaka kwenye mashine ya kahawa. Mmoja akaingia amebeba sufuria mpya, Pasaka inaingia jioni hiyohiyo, na ngano ya kuchachuka haitakiwi hata punje ndani ya nyumba siku nane. Hakupiga kelele. Alikaa chini sakafuni na ile sufuria, akalia. Ningependa angenitukana.

Wakaenda kula Hillel, ile nyumba ya wanafunzi wa Kiyahudi ambayo ilianzia Illinois 1923 na sasa iko vyuo chungu nzima. Na wakanichukua! Nikalishwa mkate usiochachuka, halafu mzizi mkali uliokwanguliwa, wa kukumbuka uchungu wa utumwa Misri. Machozi yalinitoka, nikasema hapa nimelipa.

Mwaka uliofuata, ili visiwe mali yao wakati wa Pasaka, rabi wao aliandika karatasi wakaniuzia tambi, bia na mikate yao yote. Siku nane mali yangu halali. Nikawauliza, nikigoma kuwauzia tena je? Walicheka, lakini si sana.

Bibie wa Tanga: Chapati zenyewe ulizila?

Chapo Nne: Nilizila nje kwenye ngazi. Baridi nyuzi nne.

Mkaa Mbale: Nyie mnacheka, Myahudi mwenyewe niko hapa. Mimi wa Abayudaya, Wayahudi wa Uganda, kilima cha Nabugoye. Nilisoma Kampala, chuo sikitaji. Mtihani wa takwimu ukapangwa Jumamosi saa tatu asubuhi. Nikapeleka barua. Mkubwa mmoja akaisoma kwa sauti mbele ya makarani: "Mgisu huyu Uyahudi kaupata wapi?" Wakacheka wote. Jumamosi nimekaa hosteli nasali, nawasikia wenzangu koridoni wanarudi wakibishania majibu. Nikapata sifuri, nikasubiri mwaka mzima kurudia. Nilipomwambia babu, ambaye enzi za Amin walisali kwa kujificha, aliniuliza kitu kimoja tu: "Ijumaa ulikula na nani?" Nilikula peke yangu. Hilo ndilo lililomuuma.

Mwalimu Mstaafu: Pole mwanangu. Sisi Wasabato tunalijua hilo. Vijana wetu waliishtaki Makerere, wakashindwa mpaka Mahakama ya Juu, 2006. Kwa walioko chuoni: muone mhadhiri wiki ya kwanza, si wiki ya mtihani.

Jicho la Tatu: Usimsikilize mzee. Ukijitangaza mapema unawekewa alama. Wewe ugua tu.

Mwalimu Mstaafu: Useme uongo ili ushike Sabato?

Jicho la Tatu: Uongo unausema Alhamisi. Sabato unapumzika.

Shehe Bunju: Tusidanganyane, Uyahudi ni wa kuzaliwa na mama Myahudi. Hao wa Mbale wameamua wenyewe.

Mkaa Mbale: Shehe, Kakungulu, mwanzilishi wetu, alitahiriwa yeye pamoja na wanawe 1919. Mwaka 2002 marabi walikuja wakatuingiza rasmi wengi wetu. Rabi wetu Sizomu alisomea Los Angeles. Mababu zako Bunju walizaliwa Makka?

Shehe Bunju: Usinivunjie heshima kijana.

Jicho la Tatu: Na Gaza mbona hamsemi?

Mtoto wa Kisauni: Ya Gaza yana nyuzi zake elfu, nenda huko. Hapa ni choo na chapati. Mkaa Mbale, ulimaliza?

Mkaa Mbale: Nilimaliza. Mwaka ule mtihani ulipangwa Jumanne. Nikapata C.

Bibie wa Tanga: C! Baada ya mwaka mzima wa kusoma!

Chapo Nne: Kisauni, na wewe taa uliwasha?

Mtoto wa Kisauni: Asubuhi aliniambia, "Usiku nimejikwaa." Nikamwambia pole.