Nimevuka 35, nimeitwa timu ya maveterani mtaani: raha yake iko wapi?

Mgeni wa Tabata
Habari za jioni wakuu. Nimehamia Tabata kikazi. Jirani yangu anachezea timu ya maveterani, kila Jumapili asubuhi, na ananisihi niende. Nilichezea timu ya shule enzi za sekondari, namba nane, yaani kiungo, lakini tangu hapo nimebaki kuangalia Simba kwenye televisheni. Mnaocheza bado, naomba mnieleze: mnapata nini hasa? Na pumzi mnaitoa wapi?

Namba Tatu, Temeke
Karibu Dar mkuu. Mimi ni beki wa kushoto, nimeshaipita arobaini, na Jumapili ndiyo siku pekee ninayoamka kabla ya alamu.

Usidhani raha ni kufunga. Mimi nafunga kwa nadra sana. Raha yangu ni pale ninapopanda kushambulia, tunapokonywa mpira, nageuka kurudi huku roho juu, nakuta namba tano, beki wa kati, ameshasogea kuziba pengo langu. Hakuna aliyemwita. Aliniona napanda, akajua. Au winga wetu, namba kumi na moja: akiingia ndani na mpira, njia ya pembeni ni yangu. Naanza kukimbia kabla hajainua kichwa, na mpira unanikuta njiani. Hicho hukipati jimu, wala ukikimbia peke yako barabarani. Kinatokana na kucheza na watu walewale mpaka mkajuana miguu.

Halafu kuna zile kelele. "Una mtu!" "Geuka!" "Yangu!" Kipa wetu ni mwalimu wa hesabu, mpole ajabu ukimkuta mtaani, lakini golini anatupanga kwa sauti inayofika barabarani. Nahodha anauza samaki Feri. Mhasibu wa benki, anayecheza namba sita, kiungo wa chini, humsikiliza nahodha huyo bila kubisha, maana kwa kusoma mchezo hana mpinzani pale kwetu.

Tukimaliza tunakwenda kwenye supu na chapati, na hapo mechi inachezwa upya kwa mdomo, wakati mwingine ndefu kuliko yenyewe. Tunachanga kidogo kwa ajili ya mipira na chokaa ya mistari. Mwenzetu akifiwa, timu nzima inafika msibani.

Siku ambayo siisahau ni Machi 24, 2019. Asubuhi tulicheza, jioni tukaenda pamoja Uwanja wa Taifa, Taifa Stars wakaifunga Uganda 3-0 na kufuzu AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, mara ya kwanza tangu 1980. Msuva alifungua, lakini mawili yaliyofuata yalikuwa ya Erasto Nyoni na Aggrey Morris. Mabeki! Sisi wa nyuma tulishangilia mpaka sauti zikakauka.

Kuhusu pumzi, ondoa hofu. Sheria za soka zinaruhusu mechi za maveterani ziwe na utaratibu wa mchezaji aliyetolewa kurudi tena uwanjani, chama cha soka cha nchi kikiridhia. Sisi tunautumia. Cheza dakika kumi, toka, kunywa maji, rudi.

Dada wa Nyamagana
Nakazia hapo kwa Namba Tatu. Mimi nacheza na wanawake wenzangu hapa Mwanza, na kilichonibakiza ni kwamba nisipoonekana mazoezini simu yangu inaita kabla jua halijapanda: "Uko wapi? Nani anakaa kulia?" Kuna watu wananihesabu.

Jambo moja la muhimu, kaka: usivae njumu za meno marefu kama uwanja wenu ni mgumu au una nyasi bandia. Tafuta zenye meno mafupi mengi, magoti yako yatakushukuru. Na upashe mwili vizuri, umri huu misuli ya nyuma ya paja haitaki kushtuliwa.

Mgeni wa Tabata
Asanteni sana. Nimeongea na jirani, naanza Jumapili hii. Tatizo, namba nane ina watu watatu. Wanachokosa ni beki wa kushoto, nami natumia mguu wa kulia.

Namba Tatu, Temeke
Ichukue hiyo hiyo! Mimi pia ni wa mguu wa kulia. Mpira ukikufikia, uvute ndani, umtafute namba sita, usilazimishe krosi ya kushoto. Kabla ya mechi ongea na winga wako: akipanda yeye, wewe baki, akibaki, panda. Na ukae mahali ambapo kipa anakuona.