Misokoto miwili: faini ama jela, anayeumia ni nani?

Wenzangu, tangu juzi tunabishana bangi ihalalishwe au la. Mimi siombi ihalalishwe. Mtaani kwetu yuko kijana aliyevuta mpaka akawa anaongea na kuta, na sitaki mwanangu aisogelee. Langu ni adhabu.

Sheria ya Kenya ya 1994 ilikuwa inampa miaka 10 anayeshikwa na bangi ya kuvuta mwenyewe. Marekebisho ya 2022 yakashusha: kifungo kisichozidi miaka mitano, au faini isiyozidi shilingi 100,000. Wengi wakasema sheria imelegea. Kwa mwenye pesa, ndiyo.

Mtoto wa dada yangu alishikwa Likoni, Mombasa, usiku, misokoto miwili ndani ya soksi. Asubuhi kizimbani, wakili hana. Akakubali kosa kwa kuwa aliambiwa akikubali yataisha. Faini 20,000 au miezi sita. Mbeba mizigo wa feri azitoe wapi kabla gari la magereza halijaondoka jioni? Mwenzake wa kesi kama hiyo alilipiwa na babake kwa simu, saa sita akawa nje. Dada aliuza cherehani, nayo ndiyo iliyokuwa ikilisha nyumba.

Wala hayakuisha. Kijana alikuwa amepata kazi ya ulinzi Qatar. Cheti cha tabia njema kikatoka na ile hatia imeandikwa, wakala akamrudishia pasipoti yake.

Kuna ndugu amesema hapa kwamba tukilegeza, vijana wa Pwani wataangamia. Kaka, nakuelewa, uchungu huo ninao pia. Lakini muguka, yale majani ya jamii ya miraa yanayotafunwa, unauzwa kioskini mchana kweupe. Mei 2024 kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta ziliupiga marufuku, Mahakama Kuu ikasimamisha marufuku hiyo. Kwa nini basi huyu wa soksi ndiye abebe mzigo wote?

Afrika Kusini, Mahakama ya Katiba iliamua 2018 kwamba mtu mzima akivuta faraghani si mhalifu. Sisi hata tusifike huko. Tunayo sheria ya huduma kwa jamii tangu 1998. Hakimu anaweza kumwamuru mtu afagie soko au apake rangi shule badala ya kumfunga. Kwa kosa la kwanza na kiasi kidogo, hiyo ndiyo iwe adhabu ya kawaida, na isiandikwe kwenye cheti.

Anayepinga anijibu: ile cherehani kuuzwa kulimwachisha nani bangi?