Tupeane uzoefu: wapigaji gitaa wa mikahawa ya Marekani ambao hamjawasahau

Mwana Butere
Jamani, salaam. Nasikiliza rekodi ya Mississippi John Hurt, mpiga gitaa wa blues wa Marekani, usiku huu, nikaona nifungue uzi. Mliopita Marekani, ni mpigaji yupi wa ile mikahawa ya gitaa kavu ambaye hamjamsahau?

Naanza. Mwaka 1994 nilikuwa mwanafunzi Boston, baridi imenishinda. Mwenzangu akanipeleka Passim, kule Cambridge, ukumbi mdogo wa chini, mrithi wa ukumbi wa Club 47 alikoanzia mwimbaji Joan Baez. Kijana mmoja akapanda, akasema anamkumbuka Hurt, kisha akapiga. Gumba likatembeza besi bila kupumzika, vidole viwili vikiimba juu yake. Nilishika meza. Ulikuwa mkono wa marehemu baba mdogo, mpiga omutibo, ule mtindo wa gitaa wa Waluhya kule kwetu magharibi mwa Kenya. Hurt alirekodi 1928, akarudi shambani Avalon, Mississippi, asipatikane tena hadi 1963. Akapiga miaka mitatu tu, akafariki 1966. Ile miaka 35 inaniuma hadi leo, maana baba mdogo hakurekodiwa kabisa.

Mama Wawili
Wangu ni Elizabeth Cotten, bibi mpiga gitaa na mwimbaji. Mume wangu alikuwa anasoma Syracuse miaka ya 80, na bibi huyo alikuwa amehamia mji huohuo. Tulimsikiliza mara moja, watu hatukufika sitini. Alikuwa mashoto, na gitaa alilipindua bila kubadili nyuzi, kwa hiyo gumba lake ndilo lililobeba wimbo na vidole vikapiga besi, kinyume cha wapigaji wote. Aliliacha gitaa miaka mingi, mpaka alipoajiriwa kazi za ndani kwa akina Seeger, familia ya wanamuziki, akashika la kwao. Kupanda jukwaani alianza akiwa amepita miaka sitini! Mama yangu naye amefanya kazi za ndani Oysterbay karibu maisha yake yote. Nililia mbele za watu. Bibi akaniona, akatabasamu, akaendelea kupiga.

Kijana wa Juzi
Mimi nimechelewa kuzaliwa. Niliishia kusimama nje ya 116 MacDougal Street, New York, ulipokuwa mkahawa wa Gaslight. Mpiga gitaa Dave Van Ronk alipiga humo, na wasikilizaji waliliza vidole badala ya makofi ili majirani wa juu wasisumbuke.

Mtoto wa Likasi
Ndugu zangu, na sisi tuko na wetu: Mwenda Jean Bosco. Wimbo wake "Masanga" ulirekodiwa na Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, mwaka 1952 hapa kwetu Likasi, Kongo, wakati ule Jadotville. Mwaka 1969 mzee akafika Newport, Marekani, kwenye tamasha lile lile alilopiga Hurt 1963. Mimi nilikuta wimbo huo kwenye mkahawa kule Washington. Muzungu kijana aliupiga wote, polepole, macho kwenye mkono wake kama mtu anayevuka mto. Alipomaliza nikamfuata, nikamwambia ninatoka mji ule wimbo ulikorekodiwa. Akanipa gitaa nipige. Sijui kupiga. Basi tukakaa hadi walipofunga, nikimtajia mitaa ya Likasi mmoja mmoja.