Upepo mkali wa kusi: boti za abiria zizuiwe, au nahodha aamue?

Mwenye mada, Langoni: Hali ya Hewa wametangaza upepo wa zaidi ya kilomita 46 kwa saa na mawimbi ya kupita mita 2, na hapa Lamu boti za kwenda Faza zimeng'oa nanga kama kawaida. Mimi nasema zizuiwe. Binamu yangu anafanya kazi hotelini Davos, Uswisi. Majira ya baridi, kila saa kumi na moja jioni hutoka taarifa ya hatari ya maporomoko ya theluji, daraja 1 mpaka 5. Wenzetu wanaitii.

Baharia wa Shela: Binamu hakukumalizia, ndugu yangu. Taarifa ile haimkatazi mtu mlima. Niliwahi kumbeba kwa jahazi mwongozaji wa milimani huko, akanambia wengi hufa daraja la 3. La 5 ni nadra, na likitoka watu hukaa ndani. La 3 kila mtu hujiona fundi. Tena namba ni ya eneo zima. Mteremko wa digrii 35 uliorundikiwa theluji na upepo waweza kukufukia, na wa pili yake ukakupitisha salama. Bahari ni hivyo hivyo. Mlango wa bahari pale Shela, maji makuu ya bamvua yakitoka na kusi ikiingia, mawimbi husimama wima. Ngoja maji yageuke, unapita. Tangazo la pwani nzima litakwambia hilo?

Mama wa Mtangawanda: Baba, mtelezaji wa theluji kajitakia. Mimi nilikuwa na mtoto mgonjwa. Nahodha hakuangalia maji yanatoka au yanaingia, aliangalia viti vimejaa. Maboya ya kujiokolea sita, watu ishirini.

Mwenye mada: Nimemuuliza binamu tena. Njia rasmi za kutelezea hufungwa hatari ikizidi. Anayetoka nje ya njia ndiye hujiamulia. Basi boti ya abiria ifungwe, mvuvi aachwe na dau lake.

Kijana wa Mokowe: Na deni la injini nilipiwe na nani? Kusi haivumi siku moja (mwenye mshahara hili halimgusi). Mkifunga gati, watu watatoka usiku bila taa, na hapo hakuna hata wa kuwahesabu.

Baharia wa Shela: Kwa abiria nakubali, kwa shingo upande. Lakini mwenye kutoa amri awe hapa gatini anaona maji, asiwe Nairobi.

Mama wa Mtangawanda: Awe gatini, na maboya ayahesabu yeye.