Kula mchana kabla ya kuvuka: Feri, Kisutu au humo humo ndani?

MtokaDom
Wakuu, salamu. Ijumaa hii nina safari, navuka mchana. Wapi nile hapo Dar kabla ya kupanda kivuko? Nimetajiwa sehemu tatu: samaki wa Feri, migahawa ya Kisutu, au nijikaze nile ndani nikishapanda. Ipi bora? Tafadhali msinijibu "inategemea".

Mzee_wa_Magogoni
Inategemea. Unavuka kwenda wapi? Kama ni Kigamboni, nauli mia mbili na dakika chache tu, hutamaliza hata karanga zako. Kula ukifika.

fundiAC
Mzee, mwenzio anazungumzia boti ya Zanzibar. Tangu lini mtu akaenda kula Kisutu ili avuke Kigamboni?

Mzee_wa_Magogoni
Basi aseme boti. Kivuko ni kivuko, boti ni boti. Amwambie bodaboda "nipeleke kivukoni" aone kama hatashushwa kwenye foleni ya pantoni na mabegi yake, huku boti inapiga honi kule. Boti ni kule karibu na kanisa la Mtakatifu Yosefu. Imewakuta watu.

BintiUpanga
Kaka, hujatuambia kitu. Boti ya saa ngapi? Uko peke yako au na familia? Unafika mjini kwa nini, basi au treni? Mabegi mangapi? Bajeti? Na kuna anayetapika?

MtokaDom
Samahanini. Boti ya Zanzibar, ya saa 10 jioni. Nakuja na treni ya SGR kutoka Dodoma, natarajia kuwa Stesheni kama saa 7. Tupo wanne: mimi, mama na watoto wawili. Mabegi matatu. Bajeti ya kawaida tu. Kutapika sijui, hakuna kati yetu aliyewahi kupanda boti.

fundiAC
Saa 7 mpaka saa 10 una muda wa kutosha. Nenda Feri, usisikilize mtu. Unaingia sokoni, unamchagua changu wako mwenyewe ukimfunua mashavu uone kama bado mekundu, unamkabidhi kijana anamparua, halafu unampeleka kwa wakaangaji. Karai pana kama beseni la kuogea mtoto, moto wa kuni chini, mafuta yanachemka mpaka samaki akitumbukia unasikia kishindo. Dakika kumi ameiva, ngozi inavunjika kama chapati kavu. Ugali, kachumbari, ndimu. Kwingine mnalipia viti na feni.

BintiUpanga
Na moshi je? Na maji ya samaki chini? Mtu ana mama yake, watoto wawili na mabegi matatu, unampeleka akasimame kwenye utelezi? Halafu akakae saa mbili kwenye boti ananuka kibua. Kisutu, kaka. Utakaa, utanawa, watoto watapata choo. Biriani ya kuku, au chapati na mishkaki kama hamtaki kizito.

Mswalihina_77
Mmesahau kitu kimoja: ni IJUMAA. Saa 7 ndiyo watu wako msikitini. Kisutu, Jamhuri, Indira Gandhi, sehemu nyingi zinateremsha milango mpaka swala iishe. Atafika na mabegi akute kufuli. Ikikaribia saa 8 milango inafunguliwa, na msikiti mzima unaingia kula kwa pamoja. Kupata meza ni kazi.

BintiUpanga
Sio zote zinafunga.

Mswalihina_77
Zenye biriani ya maana zinafunga.

Kaka_Tabata
Naona biriani inatajwa sana hapa, acha niwasimulie yaliyonikuta.

Mwaka juzi, Julai kama hii, nilikuwa nakwenda harusini Unguja. Nikapita mgahawa mmoja, nikapiga biriani ya mbuzi sahani nzima, nikaomba na mchuzi wa nyongeza. Jua kali, nikashushia lasi ya embe glasi mbili. Nikapanda boti nimeshiba kama bwana harusi mwenyewe, nikawahi siti ya mbele kabisa, juu, kwenye kioo, eti nione bahari vizuri.

Mpaka tunaiacha Bongoyo nyuma mambo yalikuwa safi, natuma picha kwenye kundi la ukoo. Baada ya hapo tukakutana na kusi lenyewe. Boti inapanda taratibu, inatulia kidogo juu kama mtu aliyesahau alichofuata, halafu inashuka PWAA. Inapanda tena. Mhudumu akapita anagawa mifuko. Mimi nikamwambia asante, wape kina mama. Jamani, msimdharau mtu wa mifuko! Mtoto wa siti ya mbele akaanza, harufu ikaja, na mimi nikasikia iliki inapanda kooni.

Nilikuwa nimevaa kanzu nyeupe ya harusi tayari, kwa kuwa nilipanga nikishuka niende moja kwa moja ukumbini. Mama mmoja pembeni akanisogezea kipande cha ndimu na mfuko wake mwenyewe, bila hata kunitazama usoni. Nilishuka bandarini Malindi na kikoi cha kuazima. Harusini nimefika saa 3 usiku, na walikuwa wanagawa nini? Biriani.

fundiAC
😂😂😂 Pole mkuu. Ulikula?

Kaka_Tabata
Nilikunywa maji.

Mzee_wa_Magogoni
Kosa si biriani. Kosa ni lasi, na kosa kubwa zaidi ni siti. Mbele na juu ndiko kunakorushwa. Kaa chini, katikati au nyuma, tazama mbali kule bahari inapokutana na mbingu, weka simu mfukoni.

mtoto_wa_Mkunazini
Nyie watu wa Bara mnanichekesha. Kwanza hiyo mnayoita biriani ni pilau iliyotiwa rangi. Pili, boti ya saa 10 inamshusha magharibi, sasa ya nini kujaza tumbo Dar? Ale kidogo tu, akishuka atembee taratibu mpaka Forodhani, ale pweza, mishkaki, miwa. Au urojo. Mimi nikienda Dar na kurudi situmii chakula kabisa, nabaki na tangawizi mbichi mdomoni.

Mswalihina_77
Forodhani bei ya watalii. Mwenyeji gani anakula Forodhani?

mtoto_wa_Mkunazini
Mie mwenyeji na nakula. Uliza bei kabla hujashika kijiti, ndio siri yake. Kama hutaki, Darajani pale hapana mtalii.

BintiUpanga
Pilau iliyotiwa rangi?? Biriani ya Kisutu wali mbali, rojo mbali, kama yenu tu. Ninyi mnaweka viazi ili nyama ionekane nyingi.

mtoto_wa_Mkunazini
Mbatata katika biriani ni adabu, dada.

Mswalihina_77
Mbatata kwenye biriani ni ubahili. Nimesema.

MtokaDom
Wakuu, turudi kwenye mada. Hilo la kula kidogo na kusubiri mpaka Forodhani kwangu halitawezekana. Mama ana sukari, anatumia dawa na anapaswa kula kwa wakati.

nesi_Mwananyamala
Hili ndilo lilipaswa kuwa sentensi ya kwanza! Mama asikae na njaa hata kidogo, na asiruke dawa kwa kuogopa kutapika. Mpe chakula chake cha kawaida, kisiwe na mafuta mengi: ugali au wali wa kiasi, samaki wa mchuzi mwepesi, mboga. Ale mapema, ikifika saa 8 awe amemaliza, ili apate muda kabla ya kupanda. Mkobani awe na biskuti, chungwa na kitu cha sukari endapo itashuka. Vidonge vya kichefuchefu vipo, humezwa kabla ya safari si baada ya kuanza kutapika, ila vingi vinaleta usingizi na yeye ana dawa nyingine, kwa hiyo mfamasia aambiwe zote anazotumia. Hivyo vya kukaanga Feri mwachie fundiAC.

fundiAC
Feri hakuna vya kukaanga tu! Kuna mama lishe pale wanapika samaki wa nazi na wa kuchemsha. Wiki iliyopita nimekula wali samaki na mchicha kwa elfu 3 na nusu na nimebakisha. Na hawafungi Ijumaa.

nesi_Mwananyamala
Sawa, wa kuchemsha nakubali. Ila hakikisha kimetoka jikoni kinafuka moshi, si kile cha kwenye sahani iliyofunikwa na gazeti.

Mzee_wa_Magogoni
Na kuhusu kula ndani: hapo kuna duka dogo la vitafunwa na soda, si mahali pa kumlisha mgonjwa. Tena geti linafungwa kabla ya saa ya kuondoka, si saa yenyewe. Wote wanne muwe na vitambulisho mkononi, cha mtoto ni cheti cha kuzaliwa. Tiketi itazame upya, ratiba hubadilika. Mimi nimewahi kuachwa nikisubiri kuku. "Dakika tano mzee, dakika tano mzee." Kuku alikuja, boti nikaiona kwa mgongo.

BintiUpanga
Kwa hiyo na mabegi unamshauri atembee mpaka Feri kisha arudi bandarini?

Mzee_wa_Magogoni
Bajaji. Wanne na mabegi matatu, bajaji mbili.

BintiUpanga
Kwa pesa ya bajaji mbili kwenda na kurudi angekula Kisutu na chai ya maziwa juu.

Mswalihina_77
Kwenye kufuli.

MtokaDom
Wakuu, nipo Morogoro sasa hivi. Treni ilichelewa kutoka, naona kama tutaingia Dar saa 8 na kitu. Mama ameshakula viazi vitamu na yai tulivyofunga nyumbani. Watoto wanataka chipsi. Mimi mwenyewe bado sijui.

fundiAC
Feri bado unaiwahi!

Kaka_Tabata
Usiguse lasi.

mtoto_wa_Mkunazini
Siti za nyuma, chini. Karibu Unguja.

chiku_wa_Kibiti
Samahanini kwa kuingilia. Na sisi tunaokwenda Mafia kupitia Nyamisati, huwa mnakula wapi pale?